Evernote Ina Mwenyewe Mpya, Notsi za Kibirizi ni Zetu

Habari ilipotoka Novemba 2022 kwamba Evernote, programu ya kuandika na kuhifadhi notsi kwenye simu na kompyuta, inanunuliwa na Bending Spoons, kampuni ya Milan, Italia, shemeji yangu aliniuliza kwa nini nimekosa raha kiasi kile kwa biashara ya watu wa mbali wanaouziana mali yao. Hakuniuliza kwa ubaya. Yeye simu yake ni ya kupiga na kupokea, na alichokiona ni mtu mzima amenuna kwa ajili ya picha ya tembo wa kijani kwenye kioo. Siku ile sikumjibu vizuri. Leo nataka kumjibu yeye na wengine wote wanaosema kwamba anayesikitikia programu ya simu hana la kufanya.

Mimi natunza hesabu za kikundi cha kina mama wanaonunua dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, wanaanika kwenye chanja na kusafirisha Dar es Salaam na kwingineko. Kazi yenyewe haina siri kubwa, ila ina mambo madogo madogo mengi ambayo ukiyasahau unapoteza hela. Mteja wa Dar anataka dagaa wasio na mchanga hata chembe, ukimpelekea wa kuanikwa chini anarudisha kwa maneno makali. Kuna mwingine hajali mchanga, anajali ukavu tu. Mitumbwi haitoki kwenye mbalamwezi kwa sababu taa haziwavuti dagaa wakati mwezi unang'aa, kwa hiyo bei ya mwaloni inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi, na anayejua bei ya giza lililopita na la mwaka jana msimu huu huu ndiye anayejua anunue kiasi gani. Haya yote yamo kwenye notsi zangu. Zimo picha za risiti za mzigo wa basi na wa treni. Wamo wanaodaiwa chumvi na waliolipa nusu. Imo sauti ya bibi mmoja wa Katonga, mtu aliyeanza kuuza dagaa kabla mimi sijazaliwa, akieleza namna ya kujua kwa harufu na kwa mkono kwamba gunia litavunda njiani kabla halijafika Tabora. Bibi yule amefariki. Maelezo yake kwa sauti yake mwenyewe hayapo kwingine popote.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema "si uhamie programu nyingine tu", naona hajaelewa ni nini kinachohamishwa.

Evernote ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2008, na kwa miaka mingi mkuu wake alikuwa Phil Libin, mtu aliyekuwa akisema hadharani kwamba anajenga kampuni ya kudumu miaka 100. Watu tuliamini. Nembo yenyewe ni tembo, mnyama asemwaye kwamba hasahau. Ukiwa na simu ya kawaida na huna hela ya kulipia, ulipewa nafasi ya notsi 100,000, idadi ambayo mtu mmoja wa Kigoma hawezi kuimaliza hata aandike asubuhi na jioni mpaka uzeeni. Ukikaa na kitu cha namna hiyo muda mrefu, unaacha kukiona kama kitu cha mtu. Unakihesabu kama sehemu ya kichwa chako.

Lakini dalili zilikuwepo kabla ya Mtaliano. Libin alimwachia mwingine kiti mwaka 2015. Mwaka huohuo kampuni ikaifunga programu yake ya mapishi, Evernote Food. Mwanzoni mwa 2016 ikaacha kuihudumia Skitch, programu ya kuchora na kuandika juu ya picha, kwenye simu, na Skitch nayo Evernote ilikuwa imeinunua kwa watu wengine mwaka 2011, ikiwa na wapenzi wake. Katikati ya 2016 wasiolipa wakawekewa mpaka wa vifaa viwili. Namaanisha kwamba watu waliolia 2023 walishaona wenzao wakilia. Mwenye nyumba alishabadilika tabia kabla hajauza nyumba.

Tukubaliane pia kuhusu yaliyotokea baada ya kuuzwa, maana kuna watu wanaongeza chumvi. Ununuzi ulikamilika Januari 2023. Mwezi uliofuata wafanyakazi 129 waliachishwa kazi, na kufikia Julai karibu wote waliokuwa Marekani na Chile waliondolewa, kazi ikahamishiwa Ulaya. Bei ya kifurushi cha mtu binafsi ikapanda mpaka dola 129.99 kwa mwaka, kutoka 69.99. Kwa shilingi ya wakati ule ni zaidi ya laki tatu. Desemba 2023 wasiolipa wakabakiziwa notsi 50 na daftari moja, yaani kasha moja la kuzipangia notsi hizo. Kutoka 100,000 hadi 50. Haki isemwe: zile za zamani hazikufutwa, uliweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuzitoa, ila huongezi mpya. Na haki nyingine isemwe, kwamba wenye kampuni wapya walifanya kazi, maboresho yalitoka mfululizo, na baadhi ya waliobaki wakilipa wanasema sasa programu ina kasi kuliko miaka ile ya mwisho ya wenyewe wa kwanza. Siwabishii.

Katika watu ninaowafahamu, kila mmoja aliipokea habari kwa namna yake, na sikuona hata mmoja wa kumcheka. Binamu yangu ni mwalimu Kasulu, maandalio yake yote ya somo la biolojia yamo humo. Yeye aliacha kabisa kuifungua. Kila nikimwuliza anasema ataangalia wikiendi. Nilifikiri ni uvivu, kumbe ni woga. Akiifungua na kukuta tangazo la kulipa, atalazimika kuamua, na hataki kuamua. Fundi mmoja wa injini za boti pale Ujiji, aliyekuwa ameandika kila injini aliyowahi kuifungua na namba zake na ugonjwa wake, alinunua kaunta buku akaanza kunakili kwa mkono. Usiku, baada ya kufunga karakana. Mke wake aliniambia kwamba alikuwa anasoma kwa sauti anapoandika, kama mtu anayeaga. Rafiki yangu niliyesoma naye, yuko Dar, anayajua mambo ya kompyuta kuliko sisi wote, na yeye ndiye aliyekasirika kuliko wote. Aliandika barua ndefu kwa kampuni, kurasa kwa kurasa, akiwakumbusha ahadi ya miaka 100. Alikuwa analipia tangu zamani. Alijibiwa kwa adabu na bei ikabaki vilevile.

Nikamwuliza rafiki huyo, sasa wewe unayejua kila kitu, ulitegemea nini? Akasema, "Nilitegemea wajue kwamba mimi nipo."

Neno hilo lilinikaa. Mtu akikaa na kitu miaka kumi anajiona ni mmoja wa waliokijenga, na kwa kweli ni mmoja wao. Alimshawishi dada yake akaingia, dada akamshawishi bosi wake. Aliripoti kasoro, alivumilia toleo jipya la 2020 lililokuja likiwa limepungukiwa na vitu alivyovizoea. Halafu siku moja kampuni inauzwa, naye anahesabiwa ndani ya bei kama kichwa cha ng'ombe, hakuulizwa na hakuagwa. Hasira ya watu hawa haikuanza na dola. Kuna waliokuwa na uwezo wa kulipa mara mbili na wakaondoka.

Wapo watakaosema kwamba kampuni haiwezi kula mapenzi ya watu, na kwamba cha bure hakina malalamiko. Hili la pili ninalikataa. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ya bure, kilichowekwa hakikuwa cha bure. Kila picha ya risiti ilinunuliwa kwa bando. Kila bei ya giza na ya mbalamwezi iliandikwa na mtu aliyesimama mwaloni alfajiri, mikono imelowa. Jumlisha kazi hiyo ya watumiaji wote, uone kama thamani ya Evernote siku inauzwa ilikuwa kwenye msimbo wa kompyuta tu. Mnunuzi alinunua mahali ambapo watu wameweka maisha yao, na ndiyo maana aliweza kupandisha bei.

Tulilijadili jambo hili kwenye kikao cha kikundi, maana madeni na wateja ni mali ya wote, haikuwa haki niamue peke yangu. Nikaeleza nilivyoweza. Mama Mwenyekiti, ambaye ameishia darasa la saba na hesabu za magunia anazifanya kichwani kuliko mimi na kikokotoo, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza la kwanza kabisa ambalo mimi nilikuwa sijalipanga.

"Mwanangu, huyo mwenye mali mpya anaweza kusoma madeni yetu?"

Nikamwambia ukweli. Notsi za kawaida za Evernote hazijafungwa kwa ufunguo ulio mkononi mwako peke yako. Kuna sehemu ya kufunga maneno machache kwa nywila, lakini zilizobaki zote kampuni ndiyo yenye ufunguo, awe mwenyewe wa zamani au wa sasa. Nikamweleza na kisa cha Desemba 2016: kampuni ilitangaza sera mpya ambayo ingewaruhusu baadhi ya wafanyakazi kusoma notsi za watu ili kusahihisha kazi ya programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe, watumiaji wakapiga kelele dunia nzima, na ndani ya siku chache uongozi ukairudisha nyuma. Kelele zile hazikupotea bure. Ninapenda kulikumbuka hilo kila ninaposikia kwamba mtumiaji hana nguvu.

"Basi ni kama lile ghala," alisema. Kina mama wote wakaitikia, maana kila mmoja alikuwa na kumbukumbu ya ghala. Tuliwahi kupanga chumba cha kuhifadhia magunia, mwenyewe akakiuza, na mnunuzi akaja na kodi mpya na kufuli jipya. Ubishi ulikuwa mkali. Lakini magunia yalikuwa yetu, tulileta mkokoteni tukayatoa, tukapanga kwingine. "Kodi apandishe, ni ghala lake," Mama Mwenyekiti akaendelea. "Mimi nataka kujua mlango wa kutolea magunia uko wapi."

Hapo ndipo nilipoona kosa liko wapi katika mabishano yote niliyoyasikia. Watu wanabishana bei ni kubwa au ndogo, Mtaliano ni mbaya au mzuri, mwanzilishi alidanganya au hakudanganya. Swali la mama wa darasa la saba ndilo lenye uzito. Mlango wa kutokea uko wapi, na upana wake ni kiasi gani?

Jibu ni kwamba mlango upo, lakini umejengwa upande ambao watu wetu wengi hawafiki. Evernote inakuruhusu kutoa notsi zako kwenye faili la aina ya ENEX, na faili hilo linabeba maandishi, picha, sauti, tarehe na lebo ulizoweka. Ni mlango mzuri, kuna programu nyingi hazina hata nusu yake. Shida ni kwamba ENEX inatoka kwenye kompyuta. Kwenye simu huipati. Sasa fikiria fundi wa Ujiji, fikiria wauza mawese wa soko la Mwanga wanaoandika kwenye simu, ambao katika maisha yao hawajawahi kumiliki kompyuta na hawaoni sababu ya kuimiliki. Kaunta buku ya yule fundi haikuwa ushamba. Ndio mlango pekee aliouona.

Mimi nilikwenda steshenari moja hapa Mwanga iliyo na kompyuta nzuri, nikamwomba kijana wa pale anikodishe kwa nusu siku. Kupakua kila kitu kwanza kulikula bando zito, picha za risiti ndizo zilizokuwa nyingi. Halafu nikatoa daftari moja baada ya jingine, kila daftari na faili lake, maana jina la daftari haliandikwi ndani ya faili la ENEX na ukizichanganya zote pamoja hutajua ipi ilikuwa ya wapi. Viungo vya kutoka notsi moja kwenda nyingine havikuendelea kufanya kazi baada ya kuhama, ilibidi niviunganishe upya vile vya muhimu. Niliingiza zote kwenye Joplin, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na inaisoma ENEX bila taabu. Kutoka humo nikatoa nakala nyingine ya maandishi matupu, ambayo kompyuta yoyote itaifungua hata Joplin yenyewe isipokuwepo. Nakala hiyo iko kwenye flashi mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo Mama Mwenyekiti kwenye sanduku la vitenge. Sauti ya bibi wa Katonga nimeisikiliza baada ya kuhama, iko nzima.

Kuna wanaoona mauzo ya programu yote ni msiba. Sivyo. Simplenote, programu nyingine ya notsi, ilinunuliwa na kampuni ya Automattic mwaka 2013, na miaka yote hii imebaki ya bure, tena msimbo wa programu zake wakauweka wazi. Upande wa pili kuna Wunderlist ya Berlin, orodha ya kazi iliyopendwa sana, ambayo Microsoft iliinunua 2015. Mwanzilishi wake, Christian Reber, alijitokeza hadharani mwaka 2019 akiomba kuinunua tena asiione inafungwa. Hakuuziwa. Ikafungwa tarehe 6 Mei 2020. Mtu aliyeizaa mwenyewe alikataliwa, sembuse mimi na rafiki yangu wa Dar na barua yake? Kwa hiyo usijenge tegemeo lako juu ya tabia ya mwenye mali, awe wa kwanza au wa pili.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano karibu. Gombe iko kaskazini yetu, boti zake zinapita hapahapa Kibirizi. Kumbukumbu za sokwe zilianza kuandikwa huko 1960 Jane Goodall alipofika, na tangu miaka mingi Watanzania ndio wanaowafuata sokwe msituni kutwa nzima na kuandika, kwa Kiswahili, nani alikula nini na nani alimfuata nani. Karatasi hizo zimebadilisha watunzaji. Zilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1990, baadaye zikahamia Chuo Kikuu cha Duke, hukohuko Marekani. Watafiti wa leo bado wanazisoma zile za mwanzo, kwa sababu maandishi hayakufungwa ndani ya kabati ambalo mwenye ufunguo anaweza kubadili masharti. Nikiwaza kwamba mfuatiliaji wa sokwe aliyeandika kwa kalamu mwaka 1975 ana uhakika zaidi wa kusomwa kuliko mimi ninayeandika kwenye simu ya kisasa, naona kuna jambo la kurekebishwa.

Kikundi kiliamua nini? Hatukulipa. Laki tatu na zaidi kwa mwaka ni hela ya kununulia wavu na mbao za chanja, na mwaka uliofuata tuliihitaji kila shilingi, kwa sababu serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ni katika miezi hiyo mitatu notsi zilipotulipa. Nilirudi kwenye kumbukumbu za nyuma nikatafuta wateja waliowahi kukubali dagaa wa akiba waliokaa ghalani muda mrefu, nikawapata, nikaona na bei waliyolipa, tukauza kwao kidogo kidogo mpaka ziwa likafunguliwa. Rafiki yangu wa Dar, baada ya hasira zote zile, amerudi Evernote na analipa. Anasema kazi yake inahitaji namna inavyotafuta maneno ndani ya picha. Nimefurahi kwa ajili yake. Ila nakala zake anazitoa sasa kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo zamani hakuwahi kulifanya.

Yule fundi wa Ujiji tumemmalizia kwenye kompyuta ya steshenari, kaunta buku ikiwa imefika nusu. Binamu wa Kasulu bado. Na ninajua wako wengi kama yeye, wenye simu tu, wenye notsi za miaka, wanaoogopa kuifungua programu. Kama uko Kigoma mjini, Ujiji au Mwanga na ni mmoja wao, niachie neno hapa chini tupange Jumamosi. Uje na simu yako, nywila unayoikumbuka kwa hakika, na flashi yenye nafasi. Bando tutachanga. Wenye picha nyingi waje asubuhi mapema, maana hao ndio wanaochukua muda.